Kutenganisha Protini kwa Ukubwa: Mwongozo wa Kolamu ya Jeli ya Kupangwa kwa Mkono

Kwa kuitazama, hakuna njia ya kutenganisha protini iliyo rahisi kuliko hii. Unajaza bomba la kioo kwa shanga za jeli, unaweka sampuli juu, bafa inateremka yenyewe, nawe unakinga matone chini. Huhitaji kemikali ya kubandua protini kwenye jeli, kwa sababu hakuna kilichobandikwa. Mtego uko hapo hapo. Katika kolamu zinazonasa protini kwa chaji yake ya umeme, hata sampuli iliyomiminwa ovyo hujikusanya juu ya jeli, husubiri, kisha hutoka ikiwa imekolea. Hapa hakuna kinachoinasa. Sampuli ikiingia kama ukanda mpana, itatoka mpana zaidi. Ikiingia imepinda, itatoka imepinda. Kolamu hii haimrekebishii mtu makosa yake, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya sampuli kugusa jeli.

Ninamwandikia mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara ya chuo au mwalimu mwenye bomba, stendi na siku nzima ya kazi. Mashine zenye pampu na vipimo vya ndani zipo, nazo ni nzuri, ila kanuni zake ni hizi hizi. Na mvutano wa dunia haujui mgao wa umeme.

Kila ushanga wa jeli ni wavu wa sukari uliojaa maji na vitundu visivyoonekana kwa macho. Molekuli kubwa isiyoweza kupenya vitundu hivyo hubaki katika maji yaliyo kati ya shanga, ikateremka moja kwa moja. Ndogo huingia ushanga mmoja, hutoka, huingia mwingine. Ni kama lori la mchanga na bodaboda zilizoanza safari pamoja: lori halina pa kupita ila barabara kuu, kwa hiyo linafika la kwanza, na bodaboda iliyoingia kila uchochoro inafika mwisho. Wanaoanza wengi hutarajia kinyume chake, kwamba kikubwa ndicho kitakachonaswa. Hapa kikubwa hutangulia, na hilo likikaa kichwani grafu zako zote zitasomeka.

Grant Lathe na Colin Ruthven walilionyesha jambo hili London, katika makala yao ya mwaka 1956, wakitumia wanga uliovimba kwa maji. Mwaka 1959 Jerker Porath na Per Flodin wa Uppsala, Uswidi, walitangaza katika jarida la Nature jeli ya dekstrani, yaani sukari ya minyororo mirefu inayotengenezwa na bakteria, ambayo minyororo yake imefungamanishwa kwa kemikali. Kampuni ya Pharmacia iliiuza kwa jina la Sephadex, na kopo la unga huo mweupe bado utalikuta kwenye kabati za maabara nyingi, mara nyingine likiwa na umri mkubwa kuliko wanafunzi. Usilitupe. Unga mkavu uliofungwa vizuri hukaa miaka mingi.

Kuchagua jeli

Namba iliyo baada ya herufi G kwenye kopo la Sephadex inakuambia jeli inakunywa maji kiasi gani. Igawe kwa 10, upate mililita za maji kwa kila gramu ya unga: G-25 hunywa 2.5, G-75 hunywa 7.5. Inayokunywa maji mengi ina vitundu vikubwa. Kwa protini za mviringo, G-25 hutenganisha kati ya daltoni 1,000 na 5,000, G-50 kati ya 1,500 na 30,000, G-75 kati ya 3,000 na 80,000, na G-100 kati ya 4,000 na 150,000. Chagua ile ambayo protini yako inaangukia katikati ya masafa yake, wala si ukingoni. Albumini ya damu yenye daltoni 66,000 iko karibu mno na mpaka wa juu wa G-75, kwa hiyo ipeleke kwenye G-100. Kumbuka tu kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo jeli inavyozidi kuwa laini, na uzito mdogo tu wa maji unaweza kuibana hadi mtiririko ukakatika.

Kwa mwongozo huu tuchukue G-75, na sampuli iwe ute mweupe wa yai la kuku. Ni rahisi kupatikana, haina hatari, na ndani yake mna protini tunazozijua vizuri: ovotransferini yenye daltoni 76,000 hivi, ovalbumini yenye 45,000, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu ya protini zote za ute huo, na lisozaimu yenye 14,300.

Bomba liwe jembamba na refu. Lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 1.5, likijazwa jeli hadi urefu wa sentimita 60, lina ujazo wa mililita 106. Urefu ndio unaotenganisha, lakini kwa bei ghali: ukiuongeza mara 2, utengano unaongezeka mara 1.4 tu, na muda unakuwa mara 2. Sentimita 60 ni mapatano mazuri.

Kuvimbisha na kusafisha

Gramu 1 ya G-75 huvimba na kushika mililita 12 hadi 15 za kolamu, kwa hiyo pima gramu 10 ili upate akiba kidogo. Nyunyiza unga kwenye bika yenye bafa nyingi, koroga taratibu kwa kijiti cha kioo, kisha uache kwa saa 24 katika joto la chumba. Ukiwa na haraka, weka bika kwenye maji ya moto ya nyuzi 90 kwa saa 3. Mimi napendelea njia hii ya moto hata ninapokuwa na nafasi, kwa sababu inafukuza hewa iliyojificha ndani ya shanga.

Usitumie sumaku ya kukorogea. Inasaga shanga dhidi ya kitako cha bika, na vumbi linalopatikana litaziba kichungi cha chini cha kolamu siku unayoihitaji zaidi. Hata jeli isiyosagwa huwa na vumbi lake la kiwandani. Ikoroge, iache itue, na maji ya juu yakiwa bado na ukungu yamwage. Rudia hadi yabaki maangavu. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanakuja kulalamika kwamba jeli ni mbovu.

Bafa yenyewe iwe fosfati ya 0.05 M, pH 7.2, yenye chumvi ya maabara ya 0.15 M, ambayo ni gramu 8.8 kwa lita. Chumvi hiyo ina kazi maalumu. Dekstrani ina chaji hasi kidogo, na protini yenye chaji chanya kama lisozaimu huvutwa nayo. Bila chumvi, lisozaimu itachelewa njiani na kutoka kama molekuli ndogo kuliko ilivyo, nawe utaandika uzito wa uongo kwenye ripoti.

Jambo lingine linawahusu zaidi walio Dar es Salaam, Mombasa na penginepo penye joto. Maji ya baridi hubeba hewa nyingi kuliko ya moto. Ukitoa bafa kwenye friji na kuimimina kwenye kolamu iliyo katika chumba cha nyuzi 30, hewa hiyo itajitenga ndani ya jeli na kufanya viputo, na kiputo kikishakaa katikati ya jeli hakitoki. Bafa, jeli na bomba vyote viwe na joto moja kabla hujaanza, ama vyote chumba cha baridi au vyote mezani. Na kwa sababu hiyo hiyo usiweke kolamu dirishani jua linapopiga.

Kupanga kolamu

Simamisha bomba kwenye stendi, na hakikisha limenyooka kwa kutumia timazi: uzi na nati vinatosha. Weka sentimita chache za bafa chini ili kichungi kisiwe na hewa, kisha ufunge mpira wa kutolea. Jeli iliyotua kwenye bika iwe kama robo tatu ya rojo zima, na robo iliyobaki iwe bafa. Rojo likiwa jepesi mno, shanga kubwa zitatangulia kutua na ndogo zitabaki juu. Likiwa zito mno, litashika hewa.

Sasa koroga na ulimimine lote kwa mara moja, likiteremka juu ya kijiti cha kioo kilichoegemea ukuta wa bomba. Nasisitiza mara moja. Ukimimina nusu, ukangoja ikatua, kisha ukaongeza nusu nyingine, utapata mpaka kati ya tabaka mbili, na kila ukanda utakaopita hapo utavurugika. Kama bomba halina nafasi ya kupokea rojo lote, funga faneli au kipande cha bomba jingine juu yake. Likishaingia, acha dakika chache, kisha fungua mpira wa chini na uiache jeli itue huku bafa ikitiririka. Mtiririko wa kupangia uwe wa kasi kidogo kuliko ule utakaotumia baadaye, ili jeli isije ikajibana zaidi katikati ya jaribio.

Jeli ikitua, pitisha bafa ya mara 2 au 3 ya ujazo wa kolamu, mililita 200 hadi 300. Inua ncha ya mpira wa kutolea hadi juu kidogo ya usawa wa jeli, nayo ibaki hapo ikidondosha kwenye neli: kimo hicho ni bima. Chupa ya bafa ikiisha umekwenda kula, maji yatasimama yakifika usawa wa ncha, na kolamu haitakauka. Kwa kasi isiyobadilika, ziba mdomo wa chupa ya bafa kwa kizibo chenye mrija wa kioo uliozama ndani ya bafa. Hewa ikiingia kwa mrija huo tu, mgandamizo utategemea ncha yake ya chini, wala hautapungua kadiri chupa inavyopungua.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Kwanza weka taa nyuma ya bomba uangalie. Jeli nzuri ina weupe wa aina moja, bila mistari wala viputo. Kisha pitisha mililita 1 ya dekstrani ya buluu, miligramu 2 kwa mililita. Molekuli zake zina daltoni 2,000,000 hivi, hazipenyi ushanga wowote, kwa hiyo zinakupa ujazo wa nje, yaani maji yaliyo kati ya shanga. Kwa kolamu yetu tarajia mililita 37 hivi, karibu asilimia 35 ya ujazo wote.

Lakini faida yake kubwa ni kwamba unaiona kwa macho. Simama uitazame. Ukanda wa buluu ukishuka umelala sawa, kolamu yako ni nzuri. Ukiinama upande mmoja, bomba halijanyooka au uso wa jeli umelala mshazari. Ukitoa kidole katikati kinachotangulia wenzake, jeli ina mfereji. Dawa ni moja tu kwa mawili hayo ya mwisho: mwaga jeli, koroga, panga upya. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo ni nafuu kuliko kupoteza sampuli uliyoihangaikia mwezi mzima. Mwishoni unaweza kufuatisha vitamini B12 ya sindano kutoka duka la dawa, ambayo ina rangi ya waridi na daltoni 1,355, uone jinsi molekuli ndogo inavyochelewa. Ila usichanganye dekstrani ya buluu na protini unayotaka kuipima, kwa kuwa rangi yake hushikana na baadhi ya protini, albumini ikiwemo.

Sampuli

Kwa utengano wa kweli, sampuli isizidi asilimia 1 hadi 2 ya ujazo wa kolamu. Kwetu ni mililita 1, au 2 ukizidisha sana. Najua inavyouma mtu mwenye mililita 20 kuambiwa hivyo. Zikoleze kwanza kwa njia nyingine, au ufanye mizunguko kadhaa, kwa sababu kuzimimina zote ni kuchanganya upya ulichokuja kukitenganisha. Hii ndiyo sababu pia kolamu ya ukubwa huwekwa mwisho wa mfululizo wa usafishaji, sampuli ikiwa imeshapungua.

Ute wa yai uchuje kwenye kitambaa safi, uchanganye na bafa mara 5 ya ujazo wake, kisha uzungushe kwenye mashine ya kutenga mashapo na uchukue maji maangavu ya juu tu. Ute mzito usiopunguzwa hupenya jeli kama vidole badala ya ukanda.

Kuiingiza ndiyo dakika inayotaka mkono mtulivu. Acha bafa iliyo juu ya jeli ishuke, na macho yako yawe usawa wa jeli. Uso wa maji utang'aa, kisha ghafla mng'ao utapotea na uso wa jeli utaonekana mkavu kidogo. Funga mpira papo hapo. Leta ncha ya pipeti ukutani, kama sentimita 1 juu ya jeli, na uache sampuli itiririke ukutani huku ukizungusha pipeti duara, ili isichimbe shimo. Fungua mpira. Sampuli ikizama na mng'ao ukipotea tena, funga, ongeza mililita 1 ya bafa kwa namna ile ile, uiache izame, urudie mara moja. Ndipo ujaze bafa juu na kuunganisha chupa. Ukijaza bafa kabla sampuli haijazama, umeshaipunguza makali kabla ya safari kuanza.

Safari yenyewe

Lenga mililita 0.3 kwa dakika. Mililita moja ya maji ni kama matone 20, kwa hiyo hesabu matone 6 kwa dakika, na urekebishe kwa kupandisha au kushusha chupa ya bafa. Kwa kasi hiyo mililita 106 huchukua saa 6. Kuharakisha hakusaidii, kwani molekuli kubwa huhitaji muda wa kuingia na kutoka kwenye shanga, na usipozipa muda huo vilele vyote vitapanuka. Kinga mililita 2 kwa kila neli, na uandike namba kwenye neli kabla ya kuanza.

Soma kila neli kwenye spektrofotomita kwa nanomita 280, kwa kutumia kikombe cha kwatzi. Kioo cha kawaida hufyonza miale ya urujuanimno, na utapata namba zisizo na maana. Chora grafu ya usomaji dhidi ya mililita zilizotoka. Kwa yai, ovotransferini hutoka mapema ikiegemea ujazo wa nje, kilele kirefu cha ovalbumini kinafuata, na lisozaimu kwa mbali kidogo. Usishangae kilele kimoja kikibeba protini mbili: kwa kolamu ya mkono, molekuli zisizopishana uzito kwa karibu mara 2 ni vigumu kutengana.

Ukitaka kukadiria uzito, pitisha protini zinazojulikana, kila moja ipate namba yake ya mgawanyo. Toa ujazo wa nje kwenye ujazo ambao protini imetokea, kisha gawanya kwa tofauti ya ujazo wote na ujazo wa nje. Tuseme protini imetoka kwenye mililita 65: 65 toa 37 ni 28, na 106 toa 37 ni 69, jibu 0.41. Chora namba hizo dhidi ya logi ya uzito, na sehemu ya katikati itakuwa mstari ulionyooka. Ovalbumini, ribonukleasi A yenye daltoni 13,700 na sitokromu c yenye 12,400 zinafaa G-75, ila ongeza na moja iliyo kati ya 20,000 na 30,000, maana hizo mbili za mwisho zimekaribiana mno.

Soma jibu kwa tahadhari. Jeli haijui uzito. Inajua nafasi ambayo molekuli inachukua ikizunguka ndani ya maji. Protini ndefu kama ufito itatangulia na kujifanya kubwa, na yenye minyororo ya sukari vivyo hivyo. Hemoglobini ni mfano mzuri zaidi: ina daltoni 64,500 ikiwa na vipande vyake vinne, lakini ikichujuka hugawanyika kuwa pea, na kwa kuwa kila kolamu hupunguza ukolevu wa sampuli, inatoka ikionekana ndogo kuliko ilivyo vitabuni. Hilo si kosa la kolamu. Ndiyo habari yenyewe, na kolamu hii huitoa bila kuivunja protini, jambo ambalo elektroforesi yenye sabuni hailiwezi.

Kama shida yako ni kuondoa chumvi tu kwenye protini, sahau karibu yote niliyosema kuhusu ujazo wa sampuli. Chukua G-25 kwenye kolamu fupi, sampuli ya hadi asilimia 25 ya ujazo wake, na kazi itaisha kwa dakika chache, wakati mfuko wa dayalisisi ungetaka usiku mzima.

Ukimaliza, pitisha mara 2 ya ujazo wa kolamu kwa maji yaliyotoneshwa, kisha ethanoli ya asilimia 20 kwa kasi ya nusu, maana ina mnato mkubwa kuliko maji. Usiruke maji hayo, kwa sababu fosfati ikikutana na ethanoli inaweza kuganda ndani ya jeli. Wengine huhifadhi kwa sodiamu azaidi ya asilimia 0.02, ambayo inafanya kazi lakini ni sumu, na haimwagwi kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi kwa kuwa hutengeneza chumvi zinazolipuka. Ziba bomba juu na chini, liandike tarehe na aina ya jeli, na uliangalie kila baada ya wiki chache. Jeli iliyokauka ndani ya bomba hupasuka, na kuiongezea maji hakurudishi mpangilio wake: itoe, ioshe, uipange tangu mwanzo.